Hedi ya Peugeot 504 "iliyokarabatiwa": ioshe na uipime kabla ya kuifunga

Mkuu, umeuliza kama hedi ya 504 (kile kichwa cha injini kinachofunika silinda) uliyoletewa, ambayo imeshaskimiwa, yaani imechongwa uso kwa mashine uwe bapa, na kusagwa valvu huko ilikotoka, unaweza kuifunga moja kwa moja kwa kuwa inang'aa kama mpya. Usiifunge. Nitakueleza kwa urefu, maana mng'ao huohuo ndio ulioniharibia injini.

Gari lenyewe ni 504 ya marehemu baba, yenye injini ya kabureta ya cc 1971. Baba aliipenda tangu Ove Andersson aliposhinda Safari Rally ya 1975 akiwa na 504. Hedi yake ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu ya maji, nikaagiza iliyokarabatiwa kutoka nje. Ilifika imefungwa nailoni, nyeupe pee. Niliipangusa kwa kitambaa, nikaifunga siku hiyohiyo, na gari likawaka vizuri kabisa. Baada ya kilomita kama 600 taa ya oili ikaanza kuwaka kila ninaposimama kwenye taa za barabarani. Kushusha sampu (bakuli la oili la chini ya injini), nikakuta beringi za krenki zimekwaruzika kama zimepigwa msasa, na kwenye matope ya chini ya sampu kuna vipunje vinavyometameta juani. Vilikuwa vya kioo.

Warsha nyingi husafisha hedi za aluminiamu kwa kuzipuliza punje ndogo za kioo kwa upepo wa kompresa. Aluminiamu hutoka maridadi sana, lakini punje hujificha kwenye njia za oili, kwenye matundu ya bolti, chini ya springi za valvu na kwenye pembe za njia za hewa. Injini ikipata moto na oili ikaanza kutembea, zinaachia. Usitegemee filta. Pampu hunyonya oili kabla haijafika kwenye filta, kwa hiyo pampu ndiyo inayoumia kwanza. Tena asubuhi injini ikiwa baridi na oili nzito, ile valvu ya dharura ya filta hufunguka na oili hupita bila kuchujwa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuosha, na kuosha kwenyewe si kupangusa. Toa valvu zote na springi zake, na kila valvu iandikie namba ya silinda yake ili zisichanganyike. Toa plagi (vizibo) za njia za oili kama zinatoka. Pitisha brashi nyembamba ndefu kwenye kila tundu kwa mafuta ya taa, kisha osha hedi nzima kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, kisha upepo, kisha rudia. Maji ya mwisho mimi huyamimina kwenye chujio la kitambaa cheupe, kama la tui la nazi, halafu nakipeleka kitambaa juani. Kikimeta hata punje moja, naanza upya. Hedi ya pili, niliyoipata baada ya ile, niliiosha mara 5 ndipo kitambaa kikatoka safi. Ukimaliza, paka oili nyepesi haraka kwenye siti (pete ambazo valvu hukalia) na gaidi (mirija ambamo shina la valvu hupita), kwa sababu zenyewe si aluminiamu na zinaweza kushika kutu kabla hujamaliza kunywa chai.

Fundi akikushauri kuichemsha kwenye soda kali, kataa. Dawa hiyo inafaa hedi za chuma cha kusubu, lakini aluminiamu inaliwa nayo. Na brashi ya waya ya kuzunguka kwa drili isiguse uso wa gasketi hata kidogo. Inachimba mabonde usiyoyaona kwa macho, na maji yatapita humo.

Ikishakuwa safi ndipo inapimika. Chukua rula nzito ya chuma iliyonyooka kweli (si ile ya fundi seremala) na fila geji, vile vibapa vyembamba vya kupimia nafasi. Laza rula kwa urefu, kwa upana, na kwa pembe zote mbili zinazokatana. Binafsi, kibapa cha fila geji cha milimita 0.05 kikipita chini ya rula popote, hedi inarudi kwenye mashine. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha bloki, ndiyo maana gari likichemsha mara moja tu vibaya, hedi hupinda na gasketi husagika.

Lakini hedi kuwa bapa haitoshi, na hapa ndipo wauzaji wengi wanapotufunga macho. Hedi iliyoskimiwa mara 3 au 4 huwa bapa kabisa, ila imekwisha unene. Chumba cha moto kimepungua, mgandamizo umepanda, injini inagonga (petroli inajilipukia yenyewe) kwa petroli yetu, na hata pembe ya roka na pushi rodi, vyuma vinavyofungua valvu, inabadilika. Pima kimo chake kwa vernia (kipimo cha taya cha sehemu za milimita) kwenye kona zote 4, ulinganishe na kitabu cha huduma cha gari lako. Kona zikitofautiana, aliyeskimu aliifunga vibaya kwenye mashine.

Kisha angalia kingo za matundu ya maji. Pale ndipo kutu hula, kwa sababu miaka mingi magari haya yametiliwa maji ya bomba bila kulanti (dawa ya maji ya rejeta). Mashimo hujazwa kwa kulehemu, na hiyo inakubalika ikifanywa vizuri. Wengine hujaza gundi ya chuma, wakaskimu juu yake, ukaona uso mmoja laini. Kwaruza taratibu kwa ncha ya msumari mgumu ndani ya tundu, si juu ya uso: gundi hutoa unga wa kijivu, aluminiamu hutoa mstari unaong'aa. Kwenye hedi yangu ya pili nilikuta gundi sehemu mbili, nikairudisha.

Nyufa hupenda kukaa kati ya siti mbili za valvu na kuelekea tundu la plagi ya moto. Kama huna rangi ya kupenyeza inayoonyesha nyufa, lowesha eneo hilo mafuta ya taa kwa saa moja, pangusa likauke kabisa, kisha nyunyiza unga wa chaki. Penye ufa mafuta yatarudi juu na kuchora mstari. Njia hii haioni nyufa za ndani ya njia za maji. Kwa hizo, ipeleke warsha wakaizibe matundu, waijaze upepo na kuizamisha kwenye maji ya moto, uangalie mapovu. Lipia kipimo hiki hata kama kila kitu kinaonekana sawa.

Valvu hazichukui muda. Rudisha kila moja, inua kama milimita 10 na uitikise. Ikicheza sana, gaidi imekwisha. Geuza hedi, mimina petroli kwenye vyumba vya moto, subiri dakika 10, chungulia njia za hewa na za moshi. Palipolowa, saga tena kwa pesti ya kusagia valvu, kisha uoshe pesti yote, maana nayo ni msasa. Gonga siti kwa kipande cha shaba: ikitoa sauti ya kitu kilichopasuka, imelegea, usiifunge. Plagi za moto zizungushe kwa vidole mpaka mwisho; zikigoma au zikilegea, meno yameliwa.

Jambo la mwisho ni la bloki, na nalisema kwa sababu nimeona likiharibu kazi nzuri. Injini hii ina silivu (mirija ambamo pistoni hutembea) zinazozungukwa na maji. Hedi ikiwa nje, usizungushe krenki kabla hujazibana silivu kwa bolti na washa pana. Pistoni ikizinyanyua kidogo tu, sili ya chini inaachia na maji yanaingia kwenye oili. Na matundu ya bolti yakaushe kwa upepo: maji au oili iliyobaki chini hubanwa na bolti hadi kupasua bloki.

Ila kabla hujapoteza nguvu kuiosha, nitumie kwanza kimo cha kona 4 na picha ya kingo za matundu ya maji. Nikiona hivyo viwili nitakwambia kama inafaa kuoshwa au irudi ilikotoka.