Dar es Salaam Imemwagika Nje ya Mpaka Wake

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la juma hili linasema: "Sensa ya mwaka 2022 imeonyesha kwamba Mkoa wa Dar es Salaam unakua kwa asilimia 2.1 tu kwa mwaka. Je, jiji limefika ukomo wake?" Wengi niliozungumza nao hujibu upesi kwamba ndiyo, jiji limejaa, watu wamechoshwa na foleni na kodi za nyumba, na sasa wanarudi kwao mikoani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Vikindu katika Wilaya ya Mkuranga, Mkoa wa Pwani, na mwezi Agosti mwaka ule nilikuwa mmoja wa makarani wa sensa. Kwa niliyoyaona nikipita nyumba hadi nyumba na kishikwambi mkononi, watu hao hawajarudi mikoani. Wamehamia kwetu.

Nianze na hesabu, kwa sababu ndiyo iliyozua swali. Mwaka 2012 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541, na miaka kumi baadaye ulikuwa na watu 5,383,728. Katika muongo uliotangulia mkoa huo ulikuwa ukikua kwa asilimia 5.6 kwa mwaka, kwa hiyo kushuka hadi 2.1, chini ya wastani wa taifa wa 3.2, lazima kumshangaze mtu yeyote aliyezoea kuambiwa kwamba Dar es Salaam ni miongoni mwa miji inayokua kwa kasi zaidi barani Afrika. Lakini fungua ukurasa wa jirani. Mkoa wa Pwani, unaoizunguka Dar es Salaam kwa upande wote wa nchi kavu, ulitoka watu 1,098,668 ukafika 2,024,947, yaani kasi ya asilimia 6.1 kwa mwaka. Wilaya yetu ya Mkuranga peke yake ilikuwa na watu 222,921 mwaka 2012, na mwaka 2022 ilikuwa imevuka 500,000. Uzazi peke yake hauwezi kuleta ongezeko la namna hiyo katika miaka kumi. Hao ni watu waliokuja na magodoro juu ya Kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo.

Ukijumlisha mikoa hiyo miwili unapata watu wapatao milioni 5.46 mwaka 2012 na milioni 7.41 mwaka 2022, ambayo ni kasi ya karibu asilimia 3.1 kwa mwaka. Hapa sina budi kuwa mkweli: hata hesabu hiyo ya pamoja iko chini ya kasi ya muongo uliotangulia, kwa hiyo wanaosema kwamba ukuaji umepungua wana sehemu ya haki. Familia za mjini zinazaa watoto wachache kuliko za vijijini. Utafiti wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulikuta wastani wa watoto 3.6 kwa mwanamke wa mjini dhidi ya 5.5 kwa mwanamke wa kijijini. Kijana wa Kanda ya Ziwa anayetafuta maisha leo ana Mwanza, Geita na Kahama, na serikali yenyewe imehamia Dodoma. Hata hivyo kuna tofauti kubwa kati ya jiji lililopunguza mwendo na jiji lililofika ukomo. Lile linaloitwa ukomo ni mstari wa utawala tu, uliochorwa kati ya Kongowe na Mwandege, ambao abiria wa daladala anauvuka bila kujua.

Sensa yetu humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya kuhesabiwa. Siku ile ilikuwa Jumanne, tarehe 23 Agosti. Katika nyumba moja ambayo kuta zake zilikuwa hazijapigwa plasta, na mabati yamewekwa kwenye vyumba viwili tu kati ya vinne, nilimkuta mama mwenye watoto wanne. Nilipouliza ni nani mkuu wa kaya, akanitazama kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, baba watoto siku za kazi hulala Buguruni kwa mdogo wake, maana nauli ya kila siku hatuiwezi. Huku anakuja Jumamosi jioni." Utaratibu ulinitaka niandike walioamkia pale, nami nikamwandika yeye kuwa mkuu wa kaya pamoja na watoto wake wanne. Mume, bila shaka, alihesabiwa Buguruni. Mtu mmoja aliyejenga Mkuranga, anayesomesha Mkuranga na anayetarajia kuzeekea Mkuranga, aliingia katika hesabu ya Dar es Salaam, na familia yake yote ikaingia katika hesabu ya Pwani. Nyumba za namna hiyo nilizikuta nyingi kiasi kwamba kufikia siku ya tatu nilikuwa nalijua jibu kabla sijauliza.

Sura ya watu wanaoishi katika jiji lenyewe nayo imebadilika, na hapo ndipo naona swali lenu lingefaa kupanuliwa. Enzi za mkoloni mji ule ulijengwa kwa ajili ya wanaume. Mshahara wa kibarua ulikadiriwa kumtosha mtu mmoja, mke na watoto wabaki shambani, na mji ukagawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Wanaume waliendelea kuwazidi wanawake kwa muda mrefu hata baada ya Uhuru, wakati mji ulipovimba kutoka watu 128,742 mwaka 1957 hadi 272,821 mwaka 1967. Serikali nayo ilijaribu kuuzuia uvimbe huo kwa kuwakamata waliohesabiwa kuwa hawana kazi na kuwapeleka mashambani, kama ilivyokuwa katika operesheni ya Nguvu Kazi mwaka 1983. Wengi wao walirudi mjini baada ya muda mfupi. Leo mambo yamegeuka. Sensa ya 2022 ilikuta Dar es Salaam wanawake 2,783,710 na wanaume 2,600,018. Mama lishe, wauza mbogamboga, wasichana wa kazi za ndani, wanafunzi wa vyuo, wauguzi na makarani wa ofisini, hao ndio jiji. Mtu anayepanga vituo vya daladala, taa za barabarani na vyoo vya sokoni akiwa bado anamfikiria kibarua mwanamume aliyeacha familia kijijini, anapangia mji ambao haupo tena.

Hata ndani ya mkoa wenyewe watu wamesogea kwenda pembezoni. Ilala, ambayo tangu Februari 2021 ndiyo inayobeba jina la Jiji la Dar es Salaam, iliongezeka kutoka watu 1,220,611 hadi 1,649,912. Msomaji asiyeijua Ilala anaweza kudhani kwamba Kariakoo imezidi kufurika. Kariakoo inafurika mchana. Zile nyumba za Kiswahili za vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma, ambamo familia sita zilipika na kufua pamoja, zimeuzwa moja baada ya nyingine, mara nyingi kwa sababu ya mirathi, kwa kuwa ndugu wanane hawawezi kurithi vyumba sita, na mahali pake pamesimama maghorofa ya maduka na stoo. Ongezeko la Ilala liko Chanika, Kivule, Msongola na Majohe, ambako miaka ishirini iliyopita ulikuwa ukienda kununua mihogo.

Kuna mzee mmoja jirani yangu, Mzaramo, ambaye nikimwamkia kila asubuhi huniitikia akiwa amekaa chini ya mkorosho uliobaki peke yake. Baba yake alikuwa na shamba la minazi Mbagala. Likauzwa viwanja, wakasogea Kongowe. Kongowe nako pakauzwa viwanja, wakaja Vikindu. Mwaka jana madalali wameanza kumpitia tena. Sensa zetu haziulizi kabila tangu ile ya mwaka 1967, na mimi naona ni busara, kwa sababu nchi hii imenufaika kwa kutohesabiana hivyo. Lakini ukitaka kujua habari za wenyeji wa mji huu, ambao jina lake la kwanza lilikuwa Mzizima, huna budi kuwafuata wazee wa namna hii. Wao waliukuta mji ukiwajia, na kila ulipowafikia uliwalipa fedha iliyokwisha kabla nyumba mpya haijaezekwa.

Linaloniuma zaidi kama mwalimu ni shule. Mfanyabiashara mwenye duka Kariakoo analipa ushuru wa huduma kwa halmashauri ya mahali biashara yake ilipo, na hiyo ni halali kabisa. Mtoto wake anasoma kwetu. Tangu ada ilipofutwa katika shule za serikali, idadi ya wanafunzi wetu imepanda kila Januari kuliko tulivyokisia, na yapo madarasa ambamo watoto wanakaa watatu au wanne kwenye dawati moja huku wengine wakisubiri zamu ya mchana. Halmashauri ya Mkuranga inabeba watoto wa jiji ikiwa na mapato ya wilaya ya mashamba. Njia ya mabasi ya mwendokasi ya Barabara ya Kilwa inaishia Mbagala, na kuanzia hapo mwanafunzi wa chuo na mama muuza samaki wanagombania mlango wa daladala moja. DAWASA, mamlaka ya maji, angalau imekwisha kuuona ukweli huu, kwa kuwa bomba lake linahudumia Dar es Salaam pamoja na baadhi ya maeneo ya Pwani bila kujali mpaka. Sijaona sababu kwa nini mabasi, shule na mipango ya viwanja visifuate mfano wa maji.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba jiji halijafika ukomo wake; limeanza kulala mahali ambapo halihesabiwi. Ningependa wanaotayarisha taarifa za sensa ijayo waandae jedwali moja litakaloweka Mkuranga, Kisarawe, Kibaha na Bagamoyo kando ya manispaa za Dar es Salaam, na wale wanaogawa fedha za madarasa walitazame jedwali hilo kabla ya kulitazama lile la mikoa. Mwandishi wenu yeyote akitaka kushuhudia, aje kituoni Vikindu saa kumi na nusu alfajiri siku yoyote ya kazi. Atakuta foleni imekwisha kupita duka la dawa na kukata kona, na karibu kila aliyesimama humo anakwenda mjini.

Msomaji wenu,
Vikindu, Mkuranga