Chai ya rangi kabla ya kupima sukari

Dada, umeuliza kama mama anaweza kunywa chai ya rangi isiyo na sukari asubuhi ya kipimo. Hapana, maji matupu tu. Asile chochote kwa saa 8 au zaidi: akimaliza kula saa mbili usiku, saa mbili asubuhi awe maabara. Siku za kabla yake ale kama kawaida. Wengi hukimbia ugali siku tatu ili majibu yapendeze, kumbe wanajidanganya wenyewe. Sigara pia aache asubuhi hiyo.

Kama anatumia insulini au vidonge vya sukari, msimfungishe kabla ya kumuuliza daktari. Akianza kutetemeka na kutokwa jasho, mpeni kitu chenye sukari papo hapo. Kipimo kitafanyika siku nyingine.