Neno "sugar" na sh yake inayopotosha

Wengi wakitafuta asili ya neno la Kiingereza hutanguliza masikio, na hapo ndipo wanapopotea. Chukua "sugar". Linatamkwa kwa sh, Kiajemi kina "shakar", Kisanskriti, lugha ya kale ya India, kina "śarkarā". Mtu anaruka moja kwa moja: sh imetoka huko! Haikutoka huko.

Anzia mwisho, urudi nyuma hatua moja moja, na kila hatua uandike lugha, umbo la neno, maana yake na karne. Kiingereza kinalo neno hili tangu mwishoni mwa karne ya 13, kutoka Kifaransa cha kale, "sucre". Kabla ya hapo kuna Kilatini cha zama za kati, "succarum", na nyuma yake Kiarabu, "sukkar". Waarabu walilipata kwa Waajemi, na asili yake ni Kisanskriti, ila wao wakalitamka kwa s. Basi sh ya Kiajemi iliishia mlangoni kwa Waarabu. Hii ya Kiingereza ilizaliwa Uingereza kwenyewe: "su" ilitamkwa "syu", na s ikigusana na y hulainika ikawa sh. Uthibitisho ni "sure", lililotoka Kifaransa "seur" likapatwa na yaleyale. Badiliko la sauti ukiliona kwenye neno moja tu, litilie shaka. Hata ile g iliyochukua nafasi ya k ina mwenzake: "flagon", kutoka "flacon".

Angalia na kisichokuwepo. Kihispania husema "azúcar", Kireno "açúcar": ile a ya mwanzo ni "al" ya Kiarabu iliyogandia neno. Kiitalia, "zucchero", hakina, wala Kifaransa. Kwa hiyo usiipitishe "sugar" Hispania.

Maana nayo ipimwe. "Śarkarā" ni changarawe, chembechembe. Ukiishika sukari kiganjani unaelewa mara moja.

Kosa jingine ni kuchora mstari mmoja. Chora matawi. "Saccharin" ilipitia Kigiriki, "sakkharon", kisha Kilatini. "Jaggery", ambayo kwetu ni sukari guru, ililetwa na Wareno kutoka lugha za kusini mwa India. Shina la yote matatu ni lilelile. Ila "guru" yetu si ya shina hili. Hiyo ni "gur" ya Kihindi.

Na sukari? Ina k ya Kiarabu, haina g ya Kiingereza. Ukiiweka chini ya "sugar" umekosea tawi: hawa ni ndugu, wote watoto wa "sukkar".