Kwa nini Rasi ya Horn iliogopwa?

Swali: Tukivuka Kivu kwenda Bukavu, upepo ukikaza boti hujikinga kwenye kisiwa cha Idjwi. Mabaharia wa Rasi ya Horn, kwenye ncha ya kusini ya Amerika Kusini, walishindwaje kujikinga? – Msomaji, Goma

Jibu: Huko hakuna Idjwi. Kwenye nyuzi 56 kusini, upepo wa magharibi huizunguka dunia bila kukuta bara. Mawimbi hukua njia nzima, kisha karibu na rasi sakafu ya bahari hupanda ghafla. Hapo yanasimama wima na kuvunjika. Mabaharia Waholanzi Schouten na Le Maire walipita mwaka 1616 wakielekea magharibi, upande mgumu. Tanga haliendi kinyume cha upepo moja kwa moja: unabisha, yaani unakwenda mshazari, huku, unabisha kule, na mkondo unakurudisha ulikotoka. Mfereji wa Panama ulipofunguliwa 1914, merikebu nyingi ziliiacha njia hiyo.