Nina sikoseli. Naweza kubatizwa ziwani?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, daktari, na shikamoo. Nina miaka 22, naishi Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Nina sikoseli, SS, yaani nimeirithi kwa baba na kwa mama. Natumia dawa za haidroksiurea na foliki, na huu ni mwaka wa pili sijalazwa wala kuongezewa damu. Mwezi wa saba kanisa letu litabatiza watu ziwani, alfajiri, kwa maji mengi. Kabla ya hapo tutafunga siku tatu kavu, bila kula wala kunywa, na usiku wa mwisho ni mkesha. Mama hataki kusikia, anasema nitafia majini. Mzee mmoja wa kanisa naye anasema kwa kuwa niliombewa na siumwi tena, niache dawa, maana nikiendelea nazo nakana uponyaji wangu. Nimsikilize nani?

JIBU: Amina, na marahaba mdogo wangu. Kubatizwa unaweza, tena kwa maji mengi. Tatizo liko kwenye saa, mahali, na hizo siku tatu zinazotangulia.

Mama yako ana hoja, ila kadhani hatari iko majini. Baridi ya ghafla hubana mishipa midogo ya damu. Damu ikipita taratibu inaishiwa oksijeni, himoglobini S (aina ya sikoseli ya ile protini inayobeba oksijeni kwenye seli nyekundu) inashikamana, seli zinapinda na kunasa, na hapo ndipo maumivu ya mifupa unayoyajua yanapoanza. Lakini maji ya ziwa letu si ya barafu. Alfajiri ya Julai mara nyingi yana uvuguvugu kuliko hewa ya nje. Kazi ipo ukishatoka. Nimehudhuria batizo nyingi za ufukweni na utaratibu ni uleule: wa kwanza akishazamishwa anapanda mchangani na kanzu yake imemganda mwilini, anasimama hapo pambio likiendelea mpaka wa mwisho atoke, halafu yanakuja maombi ya kuwekewa mikono, halafu picha. Mtu wa AA, asiye na sikoseli, anatetemeka tu na kucheka. Wewe, ukiwa umelowa kwenye upepo kwa nusu saa, unaweza kumalizia siku hiyo wodini. Kwa hiyo omba uwe wa mwisho kuingia. Ukitoka tu, vua nguo mbichi, jikaushe, vaa sweta na soksi, kunywa chai ya moto. Picha utapiga ukiwa mkavu.

Sasa utaniambia basi wasogeze ibada hadi saa sita jua likiwaka. Hapo tunakutana na kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono walioko kwenye magugu na matete ya kando ya maji, na hutoka kwa wingi jua likishapanda, kuanzia saa nne hivi hadi alasiri. Hupenya ngozi bila wewe kuhisi kitu. Kichocho cha tumbo kinanyonya damu polepole kwa miaka, na wewe damu yako tayari ni kidogo: seli zako nyekundu zinaishi siku 10 hadi 20, za wenzako 120. Alfajiri ni baridi, mchana ni kichocho.

Ningekuwa mimi, ningemwomba mchungaji anibatize kwenye kisima cha ubatizo au tangi kubwa, saa nane mchana, kwa maji ya bomba yaliyopigwa jua na kuongezewa sufuria mbili tatu za maji ya moto. Hata maji ya ziwa yanafaa yakikaa siku mbili kwenye tangi safi lisilo na konokono, maana vimelea hivyo havimalizi siku mbili bila kupata mtu. Makanisa mengi ya maji mengi hapa Mwanza yana kisima ndani ya jengo, na sijasikia yeyote akisema ubatizo wa humo una upungufu. Kama kanisa linashikilia ziwa, basi iwe kama saa mbili asubuhi, jua limeshatoka lakini halijakolea, kwenye mchanga mweupe wenye mawimbi, mbali na matete na mbali na kijito kinapoingilia.

Kufunga kavu siku tatu, hapana. Hili silipunguzi makali. Mwenzako akifunga, figo zake zinabana maji na mkojo unakuwa wa njano iliyokolea. Figo zako zimeshaumizwa na seli zilizopinda na hazina uwezo huo tena. Ndiyo sababu mpaka leo unaamka usiku kukojoa. Utaendelea kutoa mkojo mweupe huku mwili unakauka, damu inakuwa nzito, na siku ya tatu, usingizi ukiwa umekatwa na mkesha, ndiyo unapelekwa kwenye upepo. Ukitafuta namna ya kuleta krisisi, yaani mlipuko wa maumivu ya sikoseli, kwa makusudi, huwezi kupanga vizuri zaidi ya hapo. Danieli na wenzake walijinyima meza ya mfalme siku 10, wakala mboga na kunywa maji. Funga hivyo. Acha nyama, acha soda, acha simu kama unaweza (vijana wengi hii ndiyo inayowauma), ila maji yasipungue lita 3 kwa siku. Mkesha nenda, kaa ndani, jifunike, na ukichoka lala kwenye benchi. Hakuna atakayekufukuza.

Nimfikie mzee wako. Mimi ni Mkristo na naamini Mungu anaponya, kwa hiyo sitabishana naye juu ya hilo. Nabishana naye juu ya njia ya kujua. Haidroksiurea inapandisha himoglobini F, ile uliyozaliwa nayo, na F inazuia S isishikamane. Mwaka mzima bila krisisi ndicho hasa dawa hiyo inachotakiwa kukifanya. Ukiiacha leo, kesho hutaumwa, na hapo ndipo penye mtego: wiki za kwanza utakuwa mzima, mzee atakusimamisha madhabahuni utoe ushuhuda, huku F inashuka kimyakimya. Maumivu yakirudi, utaambiwa imani yako ilipungua. Nimewaona vijana waliobeba mzigo huo juu ya ugonjwa wenyewe.

Kuna njia ya kujua bila kuacha hata kidonge kimoja. Dawa hii haigeuzi SS kuwa AA. Ukifanyiwa kipimo cha aina ya himoglobini ukiwa unaitumia, S itaonekana vilevile kama ipo. Damu ya kuongezewa ndiyo inayovuruga majibu, kwa miezi kama mitatu, na wewe hujaongezewa muda mrefu. Nenda kliniki yako ukaombe kipimo. Wakoma waliotakaswa, Yesu aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, na hakuna aliyewaambia kukaguliwa ni kukana uponyaji. Majibu yakiwa bado SS, endelea na dawa na uendelee kuombewa. Paulo, aliyeponya wengi, alimwacha Trofimo mgonjwa kule Mileto, na hatusomi kwamba alimlaumu.

Haya yote mweleze mchungaji mwenyewe, si mzee, na nenda na mama. Mchungaji ndiye mwenye kupanga saa ya ubatizo, na mama akisikia kuna tangi la maji ya uvuguvugu nadhani atalegea.

Baada ya ubatizo, ukipata homa ya 38.5 au zaidi, kifua kuuma na pumzi kukata, mkono au mguu kulegea, ulimi kuwa mzito, au uume kusimama kwa muda wa saa mbili bila kulegea, nenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando saa hiyohiyo, usisubiri ibada iishe. Kama ulibatizwa ziwani, pita kituo cha afya baada ya wiki 6 hadi 8 upewe prazikwanteli, dawa ya kichocho. Usiiwahi: inaua minyoo iliyokomaa, ile michanga inapona na kuendelea kukua.