Re: Matchbox za zamani Kuala Lumpur

Salaam ndugu. Umeuliza utapata wapi Matchbox za zamani, vile vigari vya kuchezea vya chuma, ukiwa Kuala Lumpur Jumapili moja tu, na utakula nini.

Nenda Amcorp Mall, Petaling Jaya. Panda treni ya Kelana Jaya, shuka Taman Jaya. Wauza vitu vya kale hupanga meza wikendi. Kabla ya kuuliza bei, pindua gari: chini utafute maandishi ya Lesney, England. Kampuni hiyo ndiyo iliyotengeneza Matchbox hadi ilipofilisika 1982. Kisha kagua ribiti, kile kipini cha chuma kinachoshikilia bodi na sehemu ya chini. Ikiwa imetobolewa, gari lilishafunguliwa, na huenda magurudumu au rangi si yake. Hilo mimi huliacha, hata ling'ae vipi.

Omba upunguziwe kwa upole, kwa Kimalei: "boleh kurang?"

Chakula ni nasi lemak: wali wa nazi, dagaa wa kukaanga, karanga, yai. Sambal yake, yaani mchuzi wa pilipili, ni kali, onja kwanza.