Maswali ya wasomaji: Programu huria za takwimu, na kwa nini majibu yanapishana

Safari hii barua karibu zote zimeangukia sehemu moja, R na Python na ndugu zao wa bure, na kwenye karibu kila barua kuna mtu amepata namba mbili tofauti kwenye data ile ile na hajui aamini ipi. Nimeziunganisha zinazofanana, twende.

Shikamoo mwalimu. Nipo kwenye tasnifu ya shahada ya pili, uchambuzi wote nimefanya kwa R. Sasa supavaiza wangu anasema programu ya bure haiaminiki, eti hata yenyewe ukiifungua inakuandikia kwamba haina dhamana yoyote. Anataka nirudie kila kitu kwa SPSS, ile programu ya takwimu ya kulipia. Laiseni sina, ila kuna rafiki anayo ya kukreki. Nifanyeje?

Marahaba. Kwanza hiyo ya kukreki iache, usiiguse kabisa, maana kwenye tasnifu utatakiwa kutaja programu uliyotumia na toleo lake, sasa utaandika nini pale, na tena faili za namna hiyo ni njia mojawapo ya virusi kuingia kwenye laptopu yenye data ya watu.

Kuhusu dhamana, ni kweli R ikifunguka inaandika hivyo, lakini hiyo ni lugha ya laiseni, inamaanisha hakuna wa kumshtaki mambo yakiharibika. Chukua laiseni ya programu yoyote ya kulipia uisome mpaka chini, utakuta nayo ina kifungu cha kujivua lawama, tofauti ni kwamba hicho hakuna anayekisoma.

Mweleze supavaiza kwa heshima R imetoka wapi. Ross Ihaka na Robert Gentleman waliianza miaka ya 90 mwanzoni pale Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, wakifuata lugha ya S iliyozaliwa Bell Labs mwaka 1976 mikononi mwa John Chambers na wenzake. Mwaka 1995 wakaiachia kwa laiseni ya GPL, inayoruhusu yeyote kuitumia, kuibadilisha na kuisambaza, na toleo la 1.0.0 likatoka Februari 29, 2000. Walioijenga ni wanatakwimu wenyewe. Na kama anataka neno la taasisi kubwa, FDA, ile mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilishasema wazi kwamba hailazimishi programu yoyote ya takwimu, inachotaka ni programu na toleo viandikwe wazi.

Halafu kuna kisa kimoja napenda watu wakijue. Mwaka 2010 wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walitoa makala kuhusu madeni ya nchi na ukuaji wa uchumi, ikatumika sana kwenye mijadala ya kubana matumizi. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, Thomas Herndon, akajaribu kurudia hesabu zao akashindwa kupata namba zao, akawaomba faili lao la Excel, wakampa. Kulifungua tu akakuta fomula ya wastani imeruka mistari, nchi tano zimeachwa nje. Ukijumlisha na data nyingine zilizokuwa zimeachwa na namna walivyozipa nchi uzito, wastani wa ukuaji kwa nchi zenye madeni makubwa ulitoka asilimia hasi 0.1 ukawa 2.2. Excel inalipiwa, na malipo hayakumsaidia mtu hapo, kilichosaidia ni kwamba mtu wa pili aliweza kuona kila hatua. Kwa hiyo mpelekee supavaiza skripti yako yote ya R pamoja na data, mwambie airudie mwenyewe. Hapo anapata zaidi ya jedwali lililochapishwa.

Ila tahadhari moja, na hapa supavaiza ana hoja nusu. R yenyewe ni kitu kimoja, na pakeji za CRAN, yaani nyongeza zinazoandikwa na watu mbalimbali na kuwekwa kwenye ghala la R mtandaoni, ambazo zimeshapita 20,000, ni kitu kingine. CRAN wanakagua pakeji inasakinishika na inafuata masharti ya kiufundi, hawakagui kama takwimu zake ni sahihi. Pakeji isiyojulikana iliyoandikwa na mtu mmoja, ipitishe kwanza kwenye data ambayo jibu lake unalijua. NIST, taasisi ya viwango na vipimo ya Marekani, wameweka seti za data zenye majibu yaliyothibitishwa kwa tarakimu nyingi kwa kazi hiyo hiyo, na ni bure.

Mwalimu nisaidie nachanganyikiwa. Nina anova (kile kipimo cha kulinganisha wastani wa makundi) ya vipengele viwili, matibabu na jinsia, makundi hayalingani, lingine lina watu 38 lingine 14. Nimeendesha kwenye R kwa amri ya aov, rafiki yangu kaendesha kwenye SPSS, faili ile ile, thamani za p hazifanani! Halafu mbaya zaidi nikigeuza mpangilio ndani ya R, nikaanza jinsia halafu matibabu, zinabadilika tena. R ina bagi?

Haina bagi. Hili swali nalipenda kuliko yote, ngoja nikae nalo kidogo.

Makundi yakiwa na idadi sawa, athari ya matibabu na ya jinsia zinatengana vizuri, hakuna kugombania. Yasipolingana, kuna sehemu ya tofauti kwenye data ambayo inaweza kuhesabiwa kwa matibabu au kwa jinsia, ni eneo la pamoja, na programu lazima iamue impe nani. Aov ya R inatumia aina ya kwanza ya jumla za miraba (namna ya kugawa tofauti zilizo kwenye data kwa kila kipengele), yaani anayetajwa mwanzo anachukua vyote anavyoweza kueleza pamoja na hilo eneo la pamoja, anayefuata anabakiwa na masalia. Ndiyo maana ulipogeuza mpangilio namba zikageuka, umembadilisha wa kwanza kula. SPSS difolti yake ni aina ya tatu, kila kipengele kinapimwa baada ya vingine vyote kuhesabiwa, kwa hiyo eneo la pamoja hapewi mtu na mpangilio hauna maana tena.

Umeona sasa? Programu mbili zimejibu maswali mawili tofauti na zote zimejibu sawasawa, isipokuwa hakuna aliyekuuliza wewe unataka swali lipi.

Ukitaka R itoe ya SPSS, tumia pakeji ya car, amri ya Anova yenye A kubwa na type = 3, LAKINI kabla ya kujenga modeli badilisha kontrasti, yaani namna makundi yanavyogeuzwa namba ndani ya modeli, ziwe contr.sum. Hii hatua watu wengi wanairuka, programu haitoi onyo lolote, inakupa tu namba za athari kuu zisizo na maana uliyokusudia pale modeli yako inapokuwa na mwingiliano, yaani athari ya matibabu ikitofautiana kwa jinsia. Ukisahau hapo usije ukasema mwalimu hakukwambia.

Uchague ipi? Kama mwingiliano wa matibabu na jinsia haupo au ni mdogo mno, mimi naenda na aina ya pili, ndiyo difolti ya Anova ya car, na ina nguvu zaidi ya kugundua athari kuu. Kama mwingiliano upo kweli, basi acha kushindana kuhusu athari kuu, chora grafu ya mwingiliano uueleze huo. Wanatakwimu wenyewe wanabishana kuhusu aina ya tatu miaka na miaka, kwa hiyo chochote utakachochagua kiandike kwenye sura ya mbinu, sentensi moja inatosha.

Na kwa kuwa mko wawili mnalinganisha, mtakutana na jingine hili, t.test ya R difolti yake ni ya Welch, haidhani kwamba variansi (mtawanyiko) za makundi mawili ziko sawa, wakati SPSS inakuletea mistari yote miwili kwenye jedwali moja na watu wana tabia ya kusoma wa juu, unaodhani ziko sawa, bila kufikiri. Welch iache ilivyo, ni chaguo zuri.

Mambo vipi kaka. Python nimeanza juzi. Mkengeuko sanifu wa numpy na wa pandas, pakeji mbili za Python, haulingani kwa safu ile ile, ipi inadanganya?

Poa ndugu. Hakuna inayodanganya. Chukua 2, 4, 6 ufanye kwa mkono, wastani ni 4, miraba ya tofauti ni 4, 0 na 4, jumla 8. Numpy inagawa kwa n, yaani 8 kwa 3, ukichukua kipeuo unapata 1.63. Pandas inagawa kwa n kutoa moja, 8 kwa 2, kipeuo chake ni 2 kamili, na R nayo inafanya hivyo hivyo. Data yako ikiwa ni sampuli, na kwenye utafiti karibu kila mara ni sampuli, unataka ya pili, kwa hiyo kwenye numpy andika ddof=1. Kwa watu elfu moja hutaiona tofauti, kwa panya sita utaiona vizuri sana.

Na kwa kuwa umeanza juzi, angalia na nafasi tupu. Pandas ikikuta data iliyokosekana inairuka kimyakimya na kukupa wastani wa zilizobaki, R inagoma, inakurudishia NA mpaka uandike na.rm = TRUE. Wanaoanza wanaichukia sana R kwa hilo, mimi naipenda kwa hilo hilo, maana inakulazimisha ujue kuna watu wamekosekana. Na ukifika rigresheni ya lojistiki, ya scikit-learn, pakeji nyingine ya Python, difolti yake inabana koefishenti kuelekea sifuri kwa sababu imetengenezwa kwa ajili ya kutabiri, ukitaka koefishenti za kuripoti kwenye makala tumia statsmodels.

Habari mwalimu, mimi ni muuguzi, kuandika msimbo siwezi na muda wa kujifunza sina. Kuna ya kubofya tu?

Nzuri dada, zipo. Jamovi ndiyo ningekuanzishia, inafungua faili za SPSS, inajengwa juu ya R, na ukitaka inakuonyesha msimbo wa R wa kila ulichobofya, kwa hiyo siku ukipata muda unakuwa umeshaanza kujifunza bila kujua. JASP ya Chuo Kikuu cha Amsterdam inafanana nayo na ina nguvu sana kwenye takwimu za Bayes. PSPP ya mradi wa GNU inaiga SPSS mpaka amri zake, ila modeli nzito haina.

Kitu kimoja tu, kama faili lako lina -99 kwa wasiojibu, hakikisha programu imeambiwa hiyo ni data iliyokosekana. Ukihamisha kwa CSV hiyo taarifa inapotea, unakuja kuona wastani wa umri umeshuka ajabu.

Nimetumia set.seed(123), ile amri ya kufanya uchaguzi wa bahati nasibu utoke vile vile kila mara, na supavaiza katumia set.seed(123), skripti ile ile, sampuli zimetoka tofauti. Yeye ana R ya zamani.

Jibu liko hapo hapo kwenye R ya zamani. Toleo la 3.6.0 la mwaka 2019 lilibadilisha jinsi sample inavyochagua, kwa sababu njia ya awali ilikuwa na upendeleo mdogo kwenye idadi kubwa sana. Ukitaka kupata za kwake endesha RNGkind(sample.kind = "Rounding") kabla ya set.seed, R itakupa onyo, lipuuze kwa leo. Ila bora yeye aapdeti, na kwenye mradi wenu muweke pakeji ya renv ili matoleo ya pakeji yafungwe, halafu mwisho wa skripti mwandike sessionInfo(), inayoorodhesha matoleo mliyotumia, muihifadhi na matokeo.

Na nyote mnaoandika tasnifu, andikeni citation() ndani ya R, inawapa maneno kamili ya kuitaja kwenye marejeo, na citation("car") inafanya hivyo kwa pakeji. Watu wanaoziandika pakeji hizi wengi hawalipwi, na kutajwa kwenye makala ndiko kunakowasaidia kuonyesha vyuoni kwao kwamba kazi hiyo inatumika.